Siku ya Sindano, Kabanga Alikuwa na Homa

Ninaandika haya kwa ajili ya mama yeyote aliyekaa kwenye benchi la dispanseri na mtoto mwenye joto mapajani, akijiuliza kama arudi nyumbani au aendelee kungoja. Mimi niliambiwa nirudi, nikarudi. Sina elimu ya dawa na sitajaribu kueleza namna surua inavyoingia mwilini. Nitasema niliyoyaona kwa mtoto wangu na niliyoyasikia watu wakisema, kwa sababu maneno ya watu yalitutesa karibu sawa na ugonjwa wenyewe.

Naitwa Ngoie. Wazazi wangu ni Baluba wa kaskazini mwa Katanga, lakini mimi nilizaliwa Kolwezi, nikasoma huko, nikaolewa huko. Mume wangu Tshibangu naye alizaliwa Kolwezi. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai na Wazungu kuja kufanya kazi ya mgodi, na tangu hapo hakuna mtu wa nyumba yao aliyerudi Kasai, hata kwa msiba. Tshiluba chake kilikuwa cha kubahatisha. Alipokasirika alikasirika kwa Kiswahili, kama kila mtu wa mtaa wetu. Alikuwa fundi wa mashine za kusaga mawe ya shaba, na watu walimheshimu kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi.

Tulipopata mapacha, wasichana wawili, tuliwapa majina ambayo watu wa Kasai huwapa mapacha: wa kwanza Mbuyi, wa pili Kabanga. Walifanana mno. Baba yao aliwachanganya mpaka walipoanza kutambaa, na mimi mwenyewe nilipowaosha pamoja ilinibidi niangalie vizuri nisimwoshe mmoja mara mbili. Majina yale tuliyapenda, hatukuwaza jambo lingine lolote. Baadaye yalitosha yenyewe kumwambia mtu yeyote baba yao ametoka wapi.

Miaka ile mgodi ulikuwa unakufa mbele ya macho yetu. Mashine zilisimama moja baada ya nyingine kwa kukosa vipuri. Hospitali ya wafanyakazi, ambako tulitibiwa tangu utoto wetu, ilibaki na vitanda na wauguzi, lakini dawa hakuna. Kwa hiyo mapacha walipofikisha umri wa chanjo ya surua, niliwapeleka kwenye dispanseri ya serikali, ng'ambo ya soko. Ilikuwa kiangazi, asubuhi yenye baridi na vumbi, na wanawake walikuwa wameshajaa kwenye benchi mpaka wengine wamekaa chini kwenye saruji, kila mmoja amemfunika mtoto wake kwa kikwembe.

Muuguzi alikuwa Mama Odile, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, mtu wa hapo hapo Kolwezi. Alimpima Mbuyi kwenye mizani iliyoning'inia darini, akamchoma, Mbuyi akalia kidogo akanyamaza. Kisha akaweka kiganja chake shingoni kwa Kabanga, akakiacha pale muda kidogo.

"Mama Mbuyi, huyu wa pili iko na homa. Mutoto wa homa hatumuchome. Utamuleta wiki ingine."

"Mama, hawa ni mapacha. Namna gani mumoja apate, mwenzake akose?"

"Najua. Lakini njo vile tulifundishwa. Nikimuchoma leo na homa ikapanda, utasema ni sindano."

Nilimfunga Kabanga mgongoni, nikamshika Mbuyi mbele, nikarudi nyumbani. Homa yenyewe ilikuwa ndogo, iliisha kabla hata ya jua kuchwa. Siku hizi wauguzi wanasema vingine. Wanasema joto dogo si sababu ya kumnyima mtoto chanjo. Wakati ule mimi sikulijua hilo, na Mama Odile alifuata alichofundishwa. Sijamlaumu.

Juma lililofuata nilikwenda. Frigo ya dispanseri iliwashwa kwa mafuta ya taa, na mafuta ya taa yalikuwa yamepotea mjini. Chanjo yote iliyokuwemo iliharibika. Mama Odile alituambia turudi mwezi mwingine. Nilirudi mwezi mwingine, lori halikuwa limefika. Mvua zikaanza.

Safari iliyofuata chanjo ilikuwapo. Lakini nilipofika niliona benchi lina nafasi, jambo ambalo sikuwahi kuliona pale. Tulikuwa wanawake wachache sana. Mama Odile alitoka nje, akaangalia barabara upande huu na upande ule, akarudi ndani akatuangalia.

"Bamama bengine bako wapi?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa ananyonyesha alijibu bila kuinua kichwa. "Benye walikuwa wanajaza benchi hii, sasa banaogopa kupita mu soko."

Alisema kweli. Miezi hiyo katika mikutano ya siasa walikuwa wanasema kwamba watu wa Kasai ndio waliokula Katanga, na kila mtu arudi kwao. Sokoni wanawake wa Kasai walipinduliwa mabeseni ya unga. Walitukanwa kwa jina la wadudu, bilulu. Kwa hiyo walibaki nyumbani na watoto wao.

Chupa ya chanjo ya surua ni ya watoto wengi. Ikishafunguliwa lazima iishe siku ile ile, inayobaki inamwagwa. Mama Odile alikaa na chupa ndogo mkononi, akaizungusha, akairudisha kwenye frigo.

"Nikifungua kwa batoto hawa tu, ile itamwangika bule, na ingine hawatanipa. Mungoje. Pengine batakuja."

Tuliwangoja mpaka saa za kula. Hakuna aliyekuja. Mara nyingi nimeikumbuka chupa ile. Haikuwa mbali na mimi, na mtoto wangu hakuwa na homa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Tshibangu alifika kazini akakuta vijana langoni, wakamwambia kazi yake imepata mwenyewe. Nyumba za watu wa Kasai katika kambi ya mgodi, tulikokaa, zikaanza kuwekwa alama ya chokaa mlangoni. Majirani tuliochota nao maji kwenye bomba moja walianza kutusalimia kwa macho tu, wakiwa peke yao. Kisha kaka yangu mkubwa, Kasongo, alikuja mchana, akakataa kukaa kwenye kiti.

"Ngoie, kuya na mi. Baba alinituma."

"Na Tata Mbuyi, baba ya batoto?"

"Ye aende kwabo. We hauna shida na mutu."

"Na batoto, yaya?" Ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa.

Aliwaangalia miguuni pake. Mapacha walikuwa wameanza kutembea siku hizo, nao walikuwa wanashika suruali yake kwa sababu walimpenda.

"Batoto ni ba baba yabo," alisema. "Unajua mwenyewe. Wakibaona kwangu, watachoma nyumba. Niko na bangu pia."

"Yaya, unaniambia niache tumbo yangu hapa nikufuate?"

Mume wangu alikuwa ndani, anasikia yote. Hakutoka. Kasongo alisimama pale, machozi yakamtoka, akageuka akaenda. Baadaye tulikuta mlangoni mfuko wa unga wa mahindi na samaki wakavu. Ndio tuliokula siku za kwanza stesheni. Mpaka leo sijui nimhesabu ndugu yangu upande gani, na yeye pia hajui.

Tulipokuwa tunafunga mizigo kwenda stesheni kungoja treni ya Kasai, nilimwambia Tshibangu ngoja, nipitie dispanseri mara moja. Alisema niache. Nilikwenda. Kwenye mlango wa ua walisimama vijana, mmoja wao nilimjua, tulisali naye kanisa moja. Mwingine akaniuliza mtoto anaitwa nani. Ningeweza kutaja jina lolote la kwetu kaskazini. Nilitaja Kabanga, kwa sababu ndilo jina lake na ulimi ulikuwa umelizoea.

"Akachomwe kwabo," alisema. "Hapa dawa ni ya batoto ba hapa."

Mama Odile alikuwa amesimama kwenye kizingiti. "Muache huyu mama apite," alisema.

"Mama, fanya kazi yako," kijana akamjibu.

Mama Odile aliniangalia, kisha akaangalia miguu yake. Nikaondoka.

Stesheni ya Kolwezi tuliikuta imejaa watu kama soko, ila hakuna aliyekuwa anauza. Familia zilikuwa zimelala kwenye jukwaa, chini ya mabehewa mabovu, na katika madarasa ya shule ya jirani. Treni haikuwa na siku yake. Ikija inachukua walio mbele, wengine wanabaki. Tulijenga kibanda kwa vikwembe vyangu viwili na karatasi ya nailoni, na mvua ilipopiga tulisimama wima, kila mmoja na mtoto mmoja kifuani, mpaka ipite. Choo kilikuwa ni majani ya nyuma. Maji tulipanga foleni.

Surua ilianza madarasani. Tulisikia kwanza kikohozi, kikohozi kikavu cha watoto wengi kwa pamoja, kisha vilio vya akina mama, kimoja asubuhi, kingine mchana. Mzee Benoît, muuguzi mstaafu wa hospitali ya mgodi, alikuwa amefukuzwa kama sisi na alikuwa anapita kibanda hadi kibanda akiwa amevaa koti lake la kazi juu ya pijama, maana nguo nyingine zilikuwa zimeibwa. Hakuwa na dawa yoyote. Alikuwa na mikono tu. Alitufundisha kuchanganya maji, chumvi na sukari, na alikuwa anatuambia ukweli.

Siku moja masista walileta timu ya chanjo. Walikuja na sanduku la barafu, wakaweka meza chini ya paa la stesheni, tukapanga mstari. Nilimpanga Kabanga mbele. Alikuwa na mafua asubuhi ile, macho yake mekundu kidogo, anakohoa mara moja moja. Nani hakuwa na mafua pale, tulikuwa tunalala katika maji. Sista hakuuliza, alimchoma. Nilihisi mgongo wangu umetua mzigo. Nilimwambia Tshibangu, "Sasa bako sawasawa bote wawili." Alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu kambini.

Homa ilipanda kesho yake. Baada ya siku chache vipele vikatoka nyuma ya masikio, vikashuka usoni, shingoni, kifuani, mpaka ngozi yote ikawa kama imemwagiwa kitu cha moto. Macho yakavimba yakafunga. Akageuza uso kila nilipomkaribisha kwenye mwanga. Mzee Benoît alikuja, akamfungua mdomo, akaangalia ndani ya mashavu, akakaa chini kwenye jiwe.

"Mama Mbuyi, ugonjwa ulikuwa umeshaingia mbele ya sindano. Yale mafua yalikuwa yenyewe. Sindano ilimukuta njiani."

Tshibangu alisimama nyuma yake. "Mutoto alikuwa anatembea," alisema. "Walimuchoma, sasa angalia."

"Tata, nisikilize."

"Nimeona na macho yangu, mzee."

Na si yeye peke yake aliyeona. Jukwaa zima lilikuwa limemwona Kabanga akichomwa, na sasa lilikuwa linamwona na vipele. Neno lilipita haraka kuliko kikohozi. Walisema sindano ni ya kutumaliza tusifike kwetu. Walisema waliotufukuza ndio walioileta. Waliobaki bila kuchomwa siku ile walikuwa wengi, na masista walikuwa wamesema watarudi. Waliporudi, wanawake walichukua watoto wao wakaenda kujificha nyuma ya mabehewa. Nilikuwa nimekaa na Kabanga mapajani, nikawaona wanapita mbele yangu wakimwangalia mwanangu kama ushahidi.

Mzee Benoît alikuja kwangu amechoka. Alichuchumaa.

"Mama, mi wananiita mzee wa kampuni, hawanisikilize. We watakusikiliza. Twende ubaambie ulichoona."

"Mi niseme nini, tata? Mutoto wangu huyu."

"Useme tu ile kweli. Alianza kukohoa lini, macho yalikuwa namna gani. Na umubebe Mbuyi."

Tshibangu aliposikia akanishika mkono. "Hauendi kupitisha mutoto yangu mbele ya batu kama bidhaa."

Nilimwangalia. Sikumkasirikia. Alikuwa amepoteza kazi, nyumba, na mji aliozaliwa, na sasa kitu pekee alichoweza kukataa kilikuwa hiki. Nilimwambia polepole, "Tata Mbuyi, kuna batoto nyuma ya wago pale, bako wazima leo." Akaniachia mkono. Hakuja nami.

Nilimfunga Kabanga mgongoni, nimemfunika kichwa kwa sababu ya mwanga, na Mbuyi nikambeba mbele. Nyuma ya mabehewa wanawake walikuwa wamekaa kwenye majani yenye maji. Wengine walisogea nilipofika, wakaziba nyuso za watoto wao.

Sikujua kuhutubia. Nilisema, "Bamama, munanijua. Munanisema tangu siku zile. Mutoto wangu alikuwa anakohoa mbele ya sindano. Macho yalikuwa mekundu asubuhi ile, niliona, nilifikiri ni baridi. Mungu anajua kama nasema bongo ao nasema kweli."

"Sasa sindano ilimusaidia nini?" mmoja akauliza.

"Haikumusaidia. Ilichelewa." Nikamshusha Mbuyi chini, akasimama kwa miguu yake. "Huyu ni mwenzake. Walitoka tumbo moja, banalala mukeka moja, banakunywa kikombe moja. Huyu alichomwa kule mu dispanseri ya site wakati wa kiangazi. Mwenzake alikosa. Mubaangalie bote wawili, na muniambie."

Nilifunua uso wa Kabanga. Watu waliinua shingo kuangalia. Nilitamani nimfunike tena upesi, lakini nilimwacha wazi mpaka wote waone. Mwanamke mmoja mwembamba, aliyekuwa na mtoto mchanga na mwingine mkubwa kidogo, akainuka. Hakuniambia neno, alipita karibu yangu akanigusa bega, akaenda upande wa meza. Wengine wakamfuata, si wote. Wapo waliobaki pale pale, na baadhi yao niliwasikia wakiwalilia watoto wao baadaye, njiani.

Nataka mama anayesoma ajue kwamba sikujisikia shujaa. Nilirudi kibandani nikachanganya maji ya chumvi na sukari.

Vipele vya Kabanga vilianza kufifia. Ngozi ikawa nyeusi, ikabanduka kama maganda ya karanga, na nilifikiri tumevuka. Watu wengi hufikiri hivyo. Mzee Benoît alipata kwa masista kidonge cha mafuta, akakitoboa, akamdondoshea ulimini, akasema ni kwa ajili ya macho. Macho yakafunguka kweli. Kabanga akaniona, akaita, akamtafuta mwenzake kwa mkono. Siku mbili hizo ninazishukuru.

Kisha akaanza kuharisha, na kupumua kwa haraka, mbavu zinaingia ndani. Mdomo wake ulikuwa na vidonda, kila tone la maji lilimuumiza, akawa anakunja uso kabla kijiko hakijafika. Alikuwa mtoto mnene. Ngozi ya mapaja ikawa inakunjika mikononi mwangu kama nguo ya mtu mwingine. Katika hali hiyo treni ikafika, na watu wakatusukuma ndani.

Lilikuwa behewa la mizigo, wazi juu. Jua lilipiga, mvua ikapiga, jua likapiga tena. Tulikuwa tumesimama tukiwa tumebanana, na Tshibangu aliweka mikono yake miwili kwenye ubao juu yangu mimi na watoto, akawa kama paa, saa nyingi, bila kuishusha. Tulipofika Tenke injini iliharibika, au hakukuwa na mafuta, kila mtu alisema lake. Tuliambiwa tushuke tungoje.

Kabanga alikufa Tenke, mchana, chini ya kivuli cha behewa, mimi nikiwa nampepea. Alivuta pumzi, nikangoja nyingine. Mbuyi alikuwa anacheza na mawe kando yetu.

Mwanamke wa pale Tenke, ambaye watu wake labda walikuwa wanatuimbia nyimbo za kutufukuza, alikuja na ndoo ya maji na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

"Mi sina maneno, mama," alisema. "Twaa hii."

Alinisaidia kumwosha. Tshibangu alichimba kwa kipande cha chuma, mbali kidogo na reli, na wanaume wawili wakamsaidia. Mzee Benoît alisema sala ya Baba Yetu. Tulipomaliza, injini ililia, na tukakimbia. Ndivyo tulivyomwacha mtoto wetu, tunakimbia.

Mwene-Ditu, mji wa Kasai tulikoshukia, walituita Wakatanga. Lugha yetu iliwachekesha. Ndugu zake Tshibangu tuliowafikia hawakumjua hata kwa sura. Alipata kazi ya kusukuma mkokoteni, fundi yule. Mimi nilitwanga mahindi ya watu. Kwa muda mrefu hakutaja jina la Kabanga, na mimi nilipolitaja alitoka nje. Najua alichokuwa anawaza: kwamba nilimpeleka kwenye meza ile. Tulilala kitanda kimoja kila mtu ameangalia ukuta wake. Surua haiishi kwa kuzika.

Mvua za pili zilipokaribia kwisha nikazaa tena msichana, tukamwita Bilonda, jina la anayefuata mapacha. Wakati wake wa chanjo ulipofika, Tshibangu alisema hapana.

"Huyu hakuna mutu atamugusa."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa neno hilo. Nilimwita Mbuyi, nikamkalisha mapajani mwa baba yake.

"Huyu alilala na Kabanga mpaka siku ya mwisho," nilisema. "Hata kikohozi hakupata. Niambie kwa nini."

Alimshika Mbuyi kichwa kwa mikono yote miwili. Asubuhi ya kesho kutwa nilimkuta amevaa shati safi, amembeba Bilonda, ananingoja mlangoni.

Kituo cha afya cha Mwene-Ditu kilikuwa na foleni mpaka nje. Tulipofika mbele, muuguzi, msichana bado, alimgusa Bilonda shingoni akasema ana joto kidogo, tumrudishe juma lijalo. Tshibangu ndiye aliyesema.

"Mama, siye haturudi."

"Tata, ni utaratibu."

"Tulishaambiwa vile mara moja." Na pale pale, mbele ya wanawake wote wa benchi, mtu yule asiyesema akaanza kusema. Alisema habari za dispanseri, za frigo, za chupa iliyorudishwa, za vijana langoni, za stesheni, za Tenke. Alilitaja jina la Kabanga mara nyingi, kama mtu aliyelizuia mdomoni muda mrefu. Foleni haikulalamika. Alipomaliza alisema, "Kama homa ikipanda, sitakuja kukuuliza. Lakini mumuchome leo."

Muuguzi akaweka kipimajoto kwapani mwa mtoto, akasoma, akavuta dawa kwenye bomba. Bilonda alilia. Tshibangu alimkumbatia akageuza uso ukutani, na mimi nikasimama kati yake na watu wasimwone akilia.

Tshibangu alifariki miaka mingi baadaye, huko huko Mwene-Ditu, kwa ugonjwa wa kifua. Hakuona Kolwezi tena. Mimi nilirudi na wasichana wangu wakati watu walipoanza kurudi. Kaka yangu alitupokea, akatupa chumba, na mpaka leo hatujazungumza juu ya mchana ule.

Kwa mama anayesoma, nasema haya. Ukiambiwa rudi wiki ijayo, uliza kwa nini, na uliza mara mbili. Ukiambiwa chupa haifunguliwi kwa wachache, nenda ukagonge milango ya jirani mpaka muwe wengi, hata kwa majirani msiosalimiana nao. Vipele vikififia usidhani imekwisha, angalia kupumua na kuharisha. Na mtoto akiugua baada ya sindano, kumbuka vizuri alikuwaje kabla yake. Sisemi mtapona wote. Nasema niliyolipia.

Katika safari ya kurudi treni ilisimama Tenke. Tulishuka, mimi na Mbuyi, Bilonda akabaki na mizigo. Nilitafuta mahali. Ardhi ilikuwa imegeuzwa, kuna uzio mrefu, magari makubwa yanachimba upande wa pili, udongo mwekundu umerundikwa. Nilimuuliza mlinzi habari za makaburi ya watu wa treni, akasema yeye ni mgeni. Nilitembea huku na huku mpaka Mbuyi akanishika mkono. Alikuwa msichana mkubwa sasa, mrefu kuliko mimi.

"Mama, alikuwa anafanana na mi?"

"Mulikuwa sura moja. Baba yako alikuwa anabachanganya."

Aliangalia uzio. Kisha akanigeukia, akaondoa kitambaa chake kichwani, akasimama mbele yangu juani.

"Basi niangalie," alisema. "Njo vile angekuwa sasa."

Nikamwangalia mpaka treni ilipotuita.